AC inapuliza lakini haipoozi? Usikimbilie gesi

Nafanya ufundi wa AC Dar es Salaam, na Januari simu yangu hailali. Wengi huanza hivi: "Fundi, njoo ujaze gesi." Subiri kwanza.

Shika rimoti. Ikionyesha alama ya feni au tone la maji, chumba hakitapoa ipasavyo. Weka alama ya theluji, nyuzi 24.

Zima AC, fungua mfuniko wa mbele, chomoa chujio. Mama mmoja wa Kigamboni alishalipia gesi mara mbili, kumbe chujio lilikuwa limefunikwa na vumbi kama blanketi. Tulilisafisha kwa maji ya bomba, tukalianika kivulini, baridi ikarudi siku ileile. Msimu wa joto, lisafishe kila wiki mbili.

Sasa toka nje, kwenye ile mashine ya AC iliyoko nje ya nyumba. Karibu na bahari, chumvi na vumbi huziba zile bati nyembamba za alumini. Zima swichi kuu, mwagia maji taratibu, yasifike kwenye nyaya. Feni ya nje ikigoma kuzunguka, usifungue mwenyewe. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme ndani yake, hubaki na umeme hata ukishazima.

Ukiona barafu kwenye bomba, zima saa kadhaa iyeyuke. Ikirudi na chujio ni safi, hapo shuku gesi. Ila gesi haiishi kama mafuta ya gari: ikipungua, imevuja. Fundi atafute tundu, alizibe, ndipo ajaze. Anayekataa kulitafuta, mimi nisingemlipa.