Hodi ya siku ya 12: homoni na mimba ya nguruwe

Mama mmoja wa Mbozi aliniita bandani kwake mwezi wa 8, msimu ambao mahindi yameshavunwa na kila nyumba inapukuchua. Alikuwa na mitamba wawili wa miezi minne, na uke wao ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kama wa jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka dume. "Bwana mifugo, hawa watoto mbona wameanza uhuni mapema hivi?" aliniuliza. Chumba cha pili alikuwemo jike mkubwa, aliyepandishwa zaidi ya miezi minne nyuma. Hakuwahi kurudia joto, tarehe ya kuzaa ilikuwa imepita, na tumboni hamna kitu.

Niliomba kuona chakula. Chini ya pumba, mle ndani ya gunia, nilishika mahindi yaliyopauka, mepesi mkononi, mengine yana ukungu wa rangi ya waridi upande wa ncha. Ni yale ambayo karibu sote tukichambua ya kula tunayasukuma pembeni na kusema, "Haya ya nguruwe."

Gunia hilo nitalirudia. Kwanza tuone mimba ya nguruwe inashikwa na nini, maana hapo ndipo wengi tunapotezea watoto bila kujua kwamba tumewapoteza.

Jike huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, akiwahi 18, akichelewa 24. Mayai yanapokomaa kwenye ovari hutoa homoni ya estrojeni, na hiyo ndiyo inayomfanya asimame wima bila kutikisika ukimkandamiza mgongoni, hasa akisikia harufu ya mate ya dume. Joto hukaa siku mbili hadi tatu, na mayai hutoka likiwa limeshapita theluthi mbili. Ndiyo maana tunashauri apandishwe mara mbili, kwa nafasi ya saa 12 hadi 24, kuliko kumwahi mara moja ile asubuhi ya kwanza.

Kila mahali lilipotoka yai hujengeka kinundu. Mayai 18, vinundu 18. Vinundu hivi ndivyo vinavyotengeneza projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba usikazekaze na kuulisha utando wake ili watoto washike. Kwa kondoo, mimba ikifika kama siku ya 50, kondo la nyuma huanza kutengeneza projesteroni yake lenyewe, na ovari zikishindwa mimba bado inasimama. Nguruwe hana akiba hiyo. Tangu anapandwa mpaka siku ya 114, mimba yote inategemea vile vinundu vya kwenye ovari. Vikifa leo, mimba inatoka, iwe ya wiki tatu au ya miezi mitatu.

Na mwuaji wa vinundu hivyo anakaa nyumba hiyo hiyo. Mji wa mimba usiposikia dalili ya watoto, kuanzia karibu siku ya 13 hadi ya 15 humwaga prostaglandini kwenye damu. Homoni hiyo hufika kwenye ovari, hukausha vinundu, projesteroni inaanguka, na siku ya 21 jike yuko kwenye joto tena. Kwa hiyo watoto walio tumboni hawana budi kubisha hodi kabla ya hapo.

Hodi hiyo hubishwa siku ya 11 na ya 12. Kijusi ambacho kilikuwa kidonge cha duara, kama sentimita moja tu, hujinyoosha ndani ya muda mfupi kikawa uzi mwembamba unaoweza kufika karibu mita moja. Huku kikinyooka, kinatoa estrojeni. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Florida, Fuller Bazer na William Thatcher, walieleza kinachotokea: prostaglandini haiachi kutengenezwa, ila hugeuziwa njia. Badala ya kuingia kwenye damu ya mama, humwagwa ndani ya mji wa mimba na kubaki humo, ambako haiwezi kufika kwenye ovari. Kuanzia siku ya 15 watoto hubisha hodi tena, na mara hii wanaendelea mpaka wanakaribia siku ya 30.

Hodi ya mtoto mmoja haisikiki. Vinahitajika angalau vijusi vinne, na viwe vimesambaa pembe zote mbili za mji wa mimba. Vikiwa pungufu ya hapo siku ya 12, vyote vinapotea na jike anarudia joto kama vile hakupandwa. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji huniuliza kila mara: kama ni hivyo, mbona jike wangu kazaa wawili tu? Jibu ni kwamba siku ya 12 hawakuwa wawili. Walikuwa wanne au zaidi, wakabisha, wakapokelewa, kisha wengine wakafa baadaye. Jike wa namna hiyo usimwite tasa. Jiulize alipata misukosuko gani mwezi wa kwanza na wa pili.

Mwezi wa kwanza ndio wenye kazi. Hasara kubwa ya watoto wa nguruwe tumboni hutokea ndani ya siku 30 za mwanzo, na hutaona damu wala uchafu, kwa sababu vijusi vidogo hivyo hunyonywa na mwili. Sisi tunaanza kumhudumia jike tumbo likionekana, wakati huo hesabu imeshafungwa.

Kama unampeleka kwa dume wa jirani, mrudishe nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukimsafirisha kwenye pikipiki au guta siku ya 10 au ya 20, unamtikisa wakati watoto wanajishikiza. Vivyo hivyo kumchanganya na majike wageni: watapigana mpaka wajue nani mkubwa, na kipigo hicho hulipwa na vijusi. Subiri mwezi upite. Joto la hewa nalo linaua. Walioko Morogoro, Dar es Salaam na Pwani wanaofugia chini ya bati tupu waweke makuti au nyasi juu ya bati, na wammwagie maji mchana. Nguruwe hatoi jasho la kutosha kujipoza.

Chakula kinawachanganya wengi. Mtu akishamwona mtamba wake kapandwa, anamwongezea ndoo kama kumpa hongera. Kwa mtamba, kulishwa kupita kiasi siku zile za mwanzo kunaweza kushusha projesteroni kwenye damu, kwa sababu ini linalofanya kazi sana huiondoa haraka. Kilo mbili hivi za chakula kizuri kwa siku zinamtosha mwezi wa kwanza. Hongera yako ihifadhi kwa ajili ya wiki tatu au nne za mwisho, watoto wanapokua kwa kasi. Jike aliyekonda kwa kunyonyesha ni habari nyingine, huyo mpe anachohitaji.

Homa yoyote ni hatari kwa mimba, kwani mwili wenye homa kali huweza kutoa prostaglandini ile ile inayokausha vinundu. Jike akikataa chakula na masikio yakawa ya moto, mwite daktari wa mifugo siku hiyo. Na dume wa kuazima anaweza kukuletea kibaya zaidi: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haina dawa. Ukisikia nguruwe wanakufa kijiji cha jirani, usipeleke jike na usipokee dume.

Sasa lile gunia. Ukungu wa waridi kwenye mahindi hutoa sumu iitwayo zearalenoni, na sumu hii inafanana na estrojeni kiasi kwamba mwili wa nguruwe hauwezi kuzitofautisha. Kati ya mifugo yetu, nguruwe ndiye anayeathirika nayo kuliko wote. Mitamba wa miezi minne walivimba uke kwa sababu hiyo, hawakuwa na joto lolote. Jike mkubwa yeye alibishiwa hodi ya uongo. Siku ya 12 haikufika estrojeni ya watoto, ilifika ya ukungu, mji wa mimba ukaamini, vinundu havikukauka, na akakaa miezi minne na mimba hewa. Akala, akalala, akanenepa, na yule mama akanunua hadi taa ya kupashia watoto.

Kuchemsha hakusaidii, sumu hii inavumilia moto wa jikoni. Udongo unaouzwa madukani wa kukamata sumu kwenye chakula unafanya kazi vizuri kwa sumukuvu ile maarufu ya aflatoksini, lakini hii haukamati sawasawa. Dawa ni kabla: anika mahindi kwenye turubai, siyo chini, yakauke mpaka punje ivunjike kwa mlio ukiiuma, na yenye ukungu yafukie. Mama alipobadilisha chakula, uvimbe wa mitamba ulishuka. Jike mkubwa alipimwa na daktari kwanza, ikathibitika hana mimba, ndipo akachomwa prostaglandini kukausha vinundu vyake.

Hiyo sindano naomba iogopwe. Inauzwa kwenye maduka ya pembejeo kwa ajili ya ng'ombe, na nimeshuhudia mtu akimchoma jike "arudi kwenye joto" kumbe ana mimba ya miezi miwili. Kesho yake asubuhi watoto tisa walikuwa sakafuni, hawana hata nywele. Kwa nguruwe, baada ya wiki mbili za kwanza, sindano hiyo hutoa mimba ya umri wowote. Zaidi ya hapo, hupenya ngozi ya binadamu: mjamzito au mwenye pumu asiishike kabisa chupa hiyo.

Siku za mwisho, amri ya kuzaa hutoka kwa watoto wenyewe. Wakikomaa, miili yao hutoa kotisoli, hiyo huamsha prostaglandini ya mama, na projesteroni inaanguka. Relaksini hulegeza nyonga na njia ya uzazi. Prolaktini huleta maziwa, na jike huanza kuburura nyasi kujenga kiota. Mpe nyasi kavu, hata kama banda ni la saruji. Ukikamua chuchu na maziwa yakaruka kwa mrija badala ya tone, atazaa ndani ya saa 12 hivi.

Oksitosini ndiyo inayosukuma watoto nje na baadaye kushusha maziwa. Hofu huizuia. Jike aliyezungukwa na majirani wenye tochi na mbwa wa nyumbani atachelewa, kwa hiyo watu watoke. Usimchome oksitosini kabla mtoto wa kwanza hajatoka, kwani kama aliyelala vibaya ameziba njia, unasukuma mlango uliofungwa na mji wa mimba unaweza kupasuka. Mtoto aliyezaliwa ukimweka kwenye chuchu mapema, ananyonya na mama anatoa oksitosini yake mwenyewe, bure. Zikipita dakika 45 hakuna mwingine na mama anasukuma, piga simu kwa daktari.

Haya yote hayawezekani kama hujui alipandwa lini. Chukua chaki, andika kwenye mlango wa banda. Amepandwa tarehe 1 Machi: siku ya 12 ni tarehe 13, asiguswe. Tarehe 22 Machi mpitishie dume mbele yake, akikaa kimya ni dalili njema. Tarehe 12 Aprili mpitishie tena, kwa sababu wengine huponyoka ukaguzi wa kwanza. Tarehe 19 Juni aingie chumba cha kuzalia, kimeshaoshwa. Tarehe 23 Juni, usisafiri.