Kamera za panorama za plastiki: zifungue upate picha nzima

Machalii wa Chuga na Moshi, ukikuta kwenye mitumba pale Memorial au Kilombero kamera nyepesi ya plastiki imeandikwa PANORAMA usiiache, ila ujue kabisa inakudanganya. Hizi zilivuma miaka ya 90 mwanzoni na wengi waliamini zinaona pana kuliko kamera nyingine, kumbe ni mkanda ule ule wa filamu wa milimita 35, fremu (nafasi ya picha moja) ile ile ya milimita 24 kwa 36, ila kiwandani wameziba juu na chini kwa plastiki nyeusi mpaka kimo cha picha kinabaki kama milimita 13. Yani karibu nusu ya mkanda uliolipia haipati mwanga kabisa. Uzuri ni kwamba nyingi zina lenzi ya milimita 28 au karibu na hapo, na hiyo ni pana kweli, kwa hiyo ukitoa kizuizi unabaki na kamera ya lenzi pana kwa hela ya chipsi mayai.

Kabla hujalipa ijaribu. Ukibonyeza ikakaa kimya usiseme mbovu, shata (kile kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga) ya hizi kamera inajikoki pale matundu ya mkanda yanapozungusha kigurudumu cha meno kule ndani, bila mkanda haifanyi kitu. Fungua mlango wa nyuma, zungusha kile kigurudumu kwa kidole kuelekea upande mkanda unakokwenda mpaka kigome, elekeza lenzi kwenye mwanga alafu bonyeza. Ukiona mwanga umepita fasta kwenye tundu, lipa uondoke.

Sasa kuifungua. Hakikisha hakuna mkanda ndani. Kwenye baadhi kizuizi ni kipande kimepachikwa tu, unakichokonoa na bisibisi ndogo kinatoka kizima, kitunze maana siku ukitaka panorama unakirudisha (mkanda ukiisha, sio katikati jamani). Nyingine kimeumbwa pamoja na bodi, hapo ni kiwembe na subira, unakata kidogo kidogo, na kabla hujaanza ziba njia ya lenzi na karatasi na tepu ili vumbi la plastiki lisiingie kwenye shata. Zile reli laini ambazo mkanda unateleza juu yake usiziguse kabisa, ukiziacha na kibanzi au ncha kali itakuchania mstari kwenye mkanda mzima. Malizia na msasa laini, puliza vizuri, alafu paka maka peni nyeusi pale ulipokata kwa sababu plastiki ikikatwa inang'aa na kurusha mwanga ovyo ndani.

Kidirisha cha kuchungulia nacho kimezibwa hivyo hivyo, kama hakifunguki kirahisi achana nacho, kumbuka tu kwamba picha itachukua zaidi juu na chini kuliko unachoona. Kona zitatoka na giza na ukungu kidogo. Mimi ndo ninachokipenda, asiyependa arudishe kizuizi chake. Mlango wa nyuma zungushia ile tepu nyeusi ya mafundi umeme, jua letu halina masihara.

Mwanga hauna cha kurekebisha, nyingi zina tundu la lenzi la karibu f/11 (dogo) na shata ya kama 1/125 ya sekunde, basi. Mchana wa jua weka mkanda wa rangi wa ISO 200 (kipimo cha mkanda kuhisi mwanga, wazee wa studio wanaita ASA), asubuhi au siku ya mawingu weka 400. Mkanda wa negativu ukizidishiwa mwanga unavumilia, ukinyimwa ndo unatoka matope, kwa hiyo ndani ya nyumba sahau. Na watu wasisogee karibu zaidi ya mita moja na nusu, hakuna fokasi ya kuzungusha hapo.

Kila mtu akiipata anakimbilia kupiga mlima Kilimanjaro. Sawa, ila ukiwa Moshi mjini lenzi ya 28 inafanya kilele cha Kibo mpaka cha Mawenzi ichukue kama theluthi tu ya upana wa picha, mlima wa mita 5,895 unatoka kama kichuguu. Dawa yake ni kuweka kitu mbele, reli ya stesheni, migomba, bodaboda wamepanga foleni, mlima ukae nyuma. Amka mapema kabla wingu halijapanda, jua likiwa mashariki linapiga mlima kwa ubavu na mabonde yanaonekana. Meru ukiwa Arusha iko karibu zaidi, inatoka kubwa zaidi kwenye picha. Alafu geuza kamera isimame, Mnara wa Saa unapendeza hivyo.

Ukitaka panorama ya ukweli, kama kikopo cha mkanda kinakaa kushoto ukiangalia kwa nyuma, piga picha tatu au nne mfululizo ukigeuka kutoka kushoto kwenda kulia, usisogeze miguu, kila moja ianzie ilipoishia iliyotangulia. Kwenye mkanda zitakaa zimepangana zenyewe kwa mpangilio, unaskani kipande kizima.

Kwenye kusafisha, studio nyingi saivi ni dijitali tupu, uliza kwanza kabla hujaacha mkanda. Ukipata anayesafisha mwambie asikate ule mkanda mpaka umeuona, na askani fremu nzima, maana akiona kona nyeusi atadhani kosa atakukatia zote.