Jinsi ya kuandaa mhadhara kwenye boma la kale, Iringa

Boma la Iringa pale mjini lilijengwa na Wajerumani, baadaye likawa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho. Lakini kuna watu wanapita nje kila siku wakijua ni sehemu ya watalii tu. Ukitaka waingie ndani andaa mhadhara, na uuandae vizuri, maana mtu akichoshwa mara ya kwanza harudi tena.

Kwanza mada. Usiandike "Historia ya Mkwawa", yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, hiyo ni kubwa mno na kila mtu anadhani anaijua. Chukua swali moja. Mfano Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita, sasa kwa nini lilifika kijijini kwake Kalenga, karibu na Iringa, 1954, likiletwa na Twining, gavana wa Waingereza? Hapo mtu anaacha shughuli zake anakuja, kwa sababu anataka jibu. Tarehe nazo zinasaidia: 17 Agosti 1891 ndo siku Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, na 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua asikamatwe. Ukipanga karibu na siku hizo, tangazo lako lina nguvu. Ila Julai Iringa ni baridi, waambie watu waje na sweta.

Mzungumzaji, hapa ndo pa kuhangaikia zaidi. Tafuta wawili, mwalimu wa historia na mzee wa ukoo unaohusika na hiyo habari. Mzee usimwite kwa simu, nenda mwenyewe nyumbani kwake wiki mbili kabla, salimia kwa Kihehe, kamwene, kaa, ongea mambo mengine kwanza, alafu ndo useme shida yako, na ukirudi mara ya pili beba hata sukari. Nauli yake na ya anayemsindikiza ni juu yako. Alafu mzee aongee KWANZA. Sisi tuliwahi kumweka mwisho, mwalimu akavuta saa nzima na nusu, watu wakaanza kuondoka kuwahi daladala, na mzee aliyetoka kijijini asubuhi akaongea na viti vitupu. Niliumia sana siku ile, na mpaka leo ratiba naanza na mzee. Akitaka kusimulia kwa Kihehe mwache asimulie, weka kijana wa kutafsiri kidogo kidogo, maana kuna nyimbo na majigambo ukiyalazimisha Kiswahili yanakufa.

Ruhusa omba kwa barua mapema, utaje idadi ya watu, vyombo vya muziki na kama kuna chakula. Jengo ni la zamani kwa hiyo hakuna misumari ukutani, hakuna gundi wala selotepu, bango lisimame kwenye stendi yake. Chai na maandazi viwe nje, mbali na vitu vya maonyesho. Viti visizibe mlango. Sauti kwenye vyumba vya namna hii inagonga ukuta inarudi, spika kubwa ya harusi itawapigia kelele tu, chukua ndogo na maiki mbili, moja ya mzungumzaji na moja ya kuzunguka kwa watu, na uijaribu kabla hawajaja.

Muda mzuri ni Jumamosi saa nane mchana mpaka kumi na moja. Kuanzia Desemba mpaka Aprili usitegemee kukaa nje bila turubai.

Matangazo: magrupu ya WhatsApp sawa, lakini peleka pia kanisani na msikitini, sokoni, redio za hapa, na kwa walimu wa sekondari, wanafunzi wakija wanauliza maswali ambayo watu wazima wanaona aibu kuuliza. Maswali yape muda sawa na mhadhara wenyewe. Anayeshika maiki aanze na kina mama waliokaa nyuma, la sivyo watauliza walewale wa mbele.

Kurekodi ni lazima uombe ruhusa kwa mzee mbele ya familia yake, na akisema sehemu fulani isitoke, isitoke. Ukimaliza mpelekee nakala, iweke kwenye simu ya mjukuu wake, kaa naye aisikilize, atakurekebisha majina uliyokosea, na mara nyingi hapohapo ndo anakumbuka mwenzake wa kijiji cha jirani wa kumwalika mara ijayo.