Kabla vuli haijaisha: ukoka wa mbele ya nyumba na kiangazi cha Moshi

Kila ikifika Februari, ukipita mitaa ya Moshi utaona nyua nyingi zimegeuka rangi ya katani. Mwenye nyumba hulaumu jua. Mara nyingi kosa lilifanyika Desemba, mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha na kila kitu kikiwa kijani, kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na haja ya kuutazama ukoka.

Jambo la kwanza ni kukata. Kijana aliyekuwa akinifyekea alikuwa na msimamo wake: "Tukate fupi kabisa, mzee, ikae mwezi mzima." Nikamwachia. Akashusha fyekeo hadi udongo ukaonekana, ukoka ukanyolewa kipara wiki mbili kabla ya Krismasi. Mwisho wa Januari nilikuwa na vumbi, na kwenye vumbi hilo zikachomoza ndago, ambazo kuzing'oa ni kazi ya miaka. Jani ndilo linalopika chakula cha mzizi. Ukiliondoa karibu lote, mzizi nao hudumaa, na mzizi mfupi hauufikii unyevu wa chini. Kwa hiyo usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wa kawaida uache sentimita 3 hadi 4, nyasi za jani pana 5 au 6, na Januari isikukute hujapandisha kisu cha mashine ngazi moja. Kesho yake baada ya kukata, inama uangalie ncha za majani: zikiwa zimechanika nyuzinyuzi na kuwa nyeupe, kisu ni butu, kinataka tupa. Mashine ikiwa ya petroli, chomoa waya wa plagi kabla ya kuipindua. Hapo sina mjadala.

Maji yapigie hesabu mapema, maana mgao ukianza ni kuchelewa. Wakati wa jua kali ukoka unahitaji kama milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita 6 kwa 10 kinakunywa lita 1,500, sawa na ndoo 75 za lita 20. Ukiona tangi lako ni la lita 1,000 na familia inaoga humo humo, amua sasa sehemu ipi utaimwagilia na ipi utaiacha ikauke. Ukoka uliokauka juu ukiwa na mizizi hai huchipua tena masika. Mimi huokoa sehemu ya mbele ya baraza, nyuma ya nyumba najikaza.

Kiasi hicho kigawe mara mbili kwa wiki, asubuhi jua halijawa kali. Kunyunyiza kidogo kila jioni, kama wengi tufanyavyo tukiwa tumeshika mpira na kupiga soga na jirani, hulowesha juu tu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Isitoshe, majani yakilala na maji hukaribisha ukungu, hasa Arusha ambako usiku ni wa baridi zaidi. Weka makopo mawili matatu ya nyanya kwenye nyasi, uone mpira unachukua dakika ngapi kujaza milimita 12. Kisha choma udongo kwa bisibisi: ikizama sentimita 10 bila kugombana nawe, maji yamefika. Kwenye mteremko mwaga nusu, subiri nusu saa, umalizie. La sivyo unamwagilia barabara. Na kama hujui siku ya kumwagilia, kanyaga. Nyayo zikibaki zimelala na rangi ikielekea kijivu, nyasi zina kiu.

Mbolea iwekwe udongo ukiwa bado una mvua. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni kali: gramu 10 kwa mita ya mraba zinatosha, gramu 600 kwa kiwanja kile kile. Pima kwa mizani, usikisie kwa kiganja. Rusha mbolea majani yakiwa makavu, mwagilia hapo hapo. Mvua zikishakatika, iache. Samadi ya ng'ombe wa zizini ni nzuri ikiwa imeoza hadi haina harufu na imechekechwa. Mbichi inaunguza na kuleta mbegu za magugu.

Limebaki jambo la wageni. Krismasi ndugu wanarudi kutoka Dar, magari manne yanataka kuegeshwa, na udongo uliolowa ukikanyagwa na tairi hushindiliwa kama tofali. Waelekeze mapema pa kuegesha, na jiko la nyama choma lisikae juu ya nyasi. Wakishaondoka, pita na uma wa bustani kwenye alama za matairi, toboa matundu ya sentimita 8 hivi, kisha mwagilia.