SOMO: Jinsi ya kujua picha ya zamani ya mtaa wa mjini ilipigwa lini

Wanachama, somo hili limeombwa mara nyingi, basi leo tulimalize.

Wengi wetu tukipewa picha ya zamani tunatupia jicho nguo na magari, tunasema "hii ni ya miaka ya thelathini", tunaendelea na mengine. Njia hiyo inapotosha, kwa sababu mtaa wowote umejaa vitu vilivyopitwa na wakati. Nyumba ya miaka mia ipo, mzee na koti lake la ujanani yupo, gari kuukuu linapita. Kitu cha kale hakisemi lolote kuhusu siku ya picha. Kinachosema ni kitu kipya kuliko vyote, pamoja na kile kilichopaswa kuwepo lakini hakipo. Kwa hiyo tunatafuta miaka miwili. Sakafu ni mwaka ambao picha haiwezi kuwa ya kabla yake. Dari ni mwaka ambao haiwezi kuwa ya baada yake. Kazi yote iliyobaki ni kupandisha sakafu na kushusha dari.

Hatua ya 1: Anza na karatasi

Geuza picha uangalie mgongo. Kama ni postikadi, una bahati. Mgongo uliogawanywa sehemu mbili, ya ujumbe na ya anwani, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902 na Marekani kuanzia 1 Machi 1907. Postikadi zenye neno AZO (jina la aina ya karatasi ya picha) kwenye kisanduku cha stempu husomwa kwa pembetatu zake: zote nne zikielekea juu, karatasi ni ya takriban 1904 hadi 1918, mbili juu na mbili chini, takriban 1918 hadi 1930. Muhuri wa posta ukisomeka, hiyo ni dari isiyo na ubishi.

Ila karatasi inakupa umri wa nakala. Hasi ya zamani, yaani filamu au bamba ambalo nakala hutolewa kwalo, inaweza kutolewa nakala mpya miaka mingi baadaye, kwa hiyo usichukue umri wa karatasi kuwa ndio umri wa mtaa.

Kisha iskani, nukta 1,200 kwa inchi kama picha ni ndogo. Usitegemee nakala iliyozunguka mitandaoni, maana herufi za kibao cha duka ndizo za kwanza kupotea.

Hatua ya 2: Jua ni wapi

Mnara, mto, kona ya jengo, jina la mtaa ukutani. Bila mahali hakuna tarehe.

Hatua ya 3: Kilichopo na kisichopo

Hapa ndipo penye utamu. Chukua Trafalgar Square, London. Nguzo ya Nelson imesimama pale tangu miaka ya 1840, lakini simba wanne wa shaba waliwekwa mwaka 1867. Ukiona nguzo bila simba, picha ni ya kabla ya 1867. Chukua pia Manhattan, New York. Jengo la Empire State lilifunguliwa 1931, na mlingoti mrefu wa antena ya televisheni ukaongezwa juu yake 1950 hadi 1951. Reli ya juu ya Third Avenue nayo ilifungwa Mei 1955, ikabomolewa. Picha yenye mlingoti huo, na treni bado zinapita juu ya Third Avenue, imebanwa ndani ya miaka mitano hivi, na hatujagusa gari hata moja.

Kwa kile kisichopo, kuwa mwangalifu. Kabla hujasema "jengo fulani halijajengwa", hakikisha kwamba kutoka pale alipokuwa amesimama mpiga picha lingeonekana. Chora mstari kwenye ramani kutoka kwenye kamera hadi kiwanja chake. Makosa mengi ninayoyaona kwenye picha zenye maelezo yametokea hapa.

Vitu vidogo vya barabarani navyo vina tarehe. Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City mwaka 1935, na London ikazipata 1958. Tramu za zamani za London zilikoma Julai 1952. Kingo za barabara na miti vilivyopakwa rangi nyeupe katika miji ya Uingereza ni alama ya vita, wakati taa zilipozimwa usiku kuanzia Septemba 1939.

Hatua ya 4: Magari

Tafuta gari jipya zaidi, wala si lile unalolifahamu. Volkswagen ya mgongo wa kobe ni mfano mzuri kwa sababu umbo lake halikubadilika sana, lakini kioo cha nyuma kilibadilika. Hadi Machi 1953 kilikuwa vipande viwili vyenye nguzo katikati. Kikafuata kioo kimoja cha umbo la yai hadi 1957, halafu kikubwa cha mstatili. Kioo kimoja tu kinaweza kukupandishia sakafu kwa miaka kadhaa.

Kuna jambo la hesabu hapa. Mtaa wenye magari hamsini karibu kila mara utakuwa na moja la mwaka huohuo au uliotangulia, kwa hiyo sakafu yako iko karibu na ukweli. Mtaa wenye magari mawili hauna dhamana hiyo.

Vibao vya namba ni hazina. Majimbo mengi ya Marekani yalitoa kibao kipya kila mwaka chenye mwaka umegongwa juu yake. Uingereza ilianza kuweka herufi ya mwaka mwishoni mwa namba mwaka 1963, ikianza na A, na F ikaanza 1 Agosti 1967. Herufi hiyo inakupa sakafu tu. Gari la 1967 linaweza kuwa barabarani hadi leo.

Hatua ya 5: Maandishi

Bango la sinema, kichwa cha habari kwenye meza ya muuza magazeti, tangazo la uchaguzi. Bango la karatasi halidumu, mvua na gundi ya bango jipya hulimaliza, kwa hiyo linashinda jengo kwa usahihi. Majina ya maduka yatafute kwenye vitabu vya anwani vya mji husika, ambavyo maktaba nyingi zimeviweka mtandaoni. Duka likionekana mwaka 1923 na 1927, na 1929 halipo, umepata pa kushika. Kumbuka tu kwamba kitabu cha mwaka fulani mara nyingi kilikusanywa mwaka uliotangulia.

Hatua ya 6: Jua

Ukishajua mahali na upande kamera ilikotazama, kivuli kinakupa msimu. London, saa sita mchana mwishoni mwa Desemba, kivuli cha mtu ni karibu mara nne ya urefu wake. Mwishoni mwa Juni ni nusu tu. Linganisha na miti: ina majani au imepukutika?

Nguo ziache mwisho, na utazame vijana, si wazee.

Ukimaliza, andika, kwa mfano, "kati ya 1953 na 1957" pamoja na sababu zako. Atakayekuja baada yako na ushahidi mpya ataweza kuendelea ulipoishia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Picha ya familia yangu imeandikwa 1931 nyuma kwa mkono, lakini kuna gari nimelitambua kuwa ni la 1934. Nifuate lipi?

Jibu: Fuata gari, ndugu, mradi una hakika nalo. Maandishi ya nyuma mara nyingi huwekwa na mtoto au mjukuu anayekumbuka kwa kukisia. Usiyafute lakini, huenda majina yaliyoandikwa hapo ni sahihi.

Swali: Mkuu, yangu ina rangi. Si ina maana ni ya karibuni?

Jibu: Hapana. Bamba za rangi za Autochrome zilianza kuuzwa 1907 na filamu ya Kodachrome 1935. Postikadi zilizotiwa rangi kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe zilikuwepo tangu miaka ya 1890. Vuta karibu: rangi ikivuka mipaka ya dirisha au uso, imepakwa, nawe uichukue picha kama haina rangi.

Swali: Magari yanapita kulia na mji wangu unaendesha kushoto. Mji siyo?

Jibu: Kwanza angalia kama imegeuzwa. Hasi ikiwekwa kinyume, kila kitu hugeuka. Soma kibao chochote. Kama hakuna maandishi, tazama koti la mwanamume: kwa kawaida upande wa kushoto hulalia juu ya wa kulia. Na ujue kwamba pande hubadilika, Sweden ilihamia kulia 3 Septemba 1967.

Swali: Mtaa mtupu kabisa, mwalimu, mchana kweupe, hata mtu hakuna. Nianzie wapi?

Jibu: Utupu huo wenyewe ni dalili. Kamera za mwanzo zilihitaji mwanga kwa dakika kadhaa, na aliyekuwa anatembea hakuacha alama. Katika picha ya Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, ya 1838, anayeonekana vizuri ni mtu aliyesimama akisafishiwa viatu. Tafuta vivuli hafifu vya magurudumu na miguu chini. Ukiviona, watu walikuwepo na kamera ilikuwa ya polepole. Usipoviona, huenda ilikuwa alfajiri tu, basi nenda kwenye nguzo za taa, nyaya na uso wa barabara.