Daraja la kuning'inia la watembea kwa miguu: waya usiukaze!

Mimi fundi wa kuchomelea, niko Mwanga hapa Kigoma, na kila nikiitwa kijijini kuangalia kivuko cha waya nakutana na kosa lilelile, watu wamevuta waya mpaka unalia kama uzi wa zeze, wanadhani ndo uimara. Kumbe ndo wanaukata.

Hatua ya 1, acha tumbo, yaani waya ushuke katikati. Angalia kamba ya kuanikia hapo uani kwako. Ikilegea kidogo unaanika vitenge vimelowa chepechepe na inabeba. Sasa ikaze inyooke kabisa halafu tundika ndoo ya maji katikati, msumari unakufuata na plasta yake. Waya kazi yake kuvuta tu, na uzito uko chini, kwahiyo lazima uiname ndo upate kuinua kitu, ukinyooka unavuta kwa pembeni bure bure. Hesabu yake rahisi: uzito wa kila mita, mara urefu, mara urefu tena, halafu gawanya kwa jibu la 8 mara tumbo (mita ulizoshuka waya katikati). Chukua kivuko cha mita 40, watu wamejaa, kilo 300 kila mita. Tumbo la mita 4 mvuto ni tani 15 kwa nyaya zote mbili. Tumbo la mita 2, tani 30. La mita 1, 60! Watu ni walewale. Ndo maana mi naweka sehemu moja ya kumi ya urefu, na hata daraja la Golden Gate kule Marekani, mita 1,280 kati ya nguzo na nguzo, waya wake umeshuka kama mita 143.

Hatua ya 2, nguzo. Zinasukumwa chini tu, hamna maajabu, juu weka kitu laini cha mviringo waya upite bila kuvunjika.

Hatua ya 3, nanga, pale mwisho wa waya unapofungwa ardhini, na hapa ndo msicheze. Kwenye mfano wetu kila waya unavuta kama tani 8 mfululizo. Mahali fulani nilikuta wamefunga kwenye mchikichi, mti wenyewe una mizizi ya nyuzinyuzi kama ufagio, ushaanza kulala. Chimba, fukia zege kubwa nyuma ya nguzo.

Klipu, zile za kubana waya uliokunjwa mwishoni: kile kipande cha U kikae upande wa mkia (ncha iliyokunjwa ikarudi), sio upande unaobeba, maana kinauma waya. Ukishapakia mzigo rudi ukaze nati za klipu tena, waya ukivutwa unakonda.

Mahesabu haya ni ya kukuelewesha tu, kabla hujavusha mtoto wa mtu muite injinia.

Hatua ya 4, upepo. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani hukohuko, lilibeba magari vizuri tu, Novemba 1940 likaangushwa na upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, miezi minne tangu lifunguliwe, maana njia yake ilikuwa nyembamba na ubavu wa chuma kizima usiopitisha hewa. La pili la 1950 wakaweka fremu nene zenye matundu. Wewe acha mwanya wa kidole kati ya mbao, halafu funga waya mwembamba kila upande toka chini ya njia mpaka kwenye kingo, uvute chini na pembeni. Na ufunge kabla hujaweka ubao wa kupandia, watoto wa shule hawasubiri fundi.