Jinsi ya kutumia vitabu vya zamani vya ubunifu wa yoti za matanga

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu, nunua Elements of Yacht Design cha Norman L. Skene, kilichotoka mara ya kwanza 1904. Toleo lililorekebishwa na Francis S. Kinney mwaka 1962 ni nene zaidi na lina michoro mingi, ila misingi ya hesabu ni ileile. Cha pili kiwe cha Howard I. Chapelle: Yacht Designing and Planning (1936) kwa anayetaka kuchora, au Boatbuilding (1941) kwa anayetaka kushika randa. Yacht Architecture cha Dixon Kemp (1885) ni raha kukisoma, lakini usikichukulie chombo cha kujenga kabla hujaelewa habari ya kanuni za mashindano.

Habari yenyewe ni hii. Yoti nyingi zilizomo humo zilichorwa zishinde mbio, na kila mbio ilikuwa na kanuni ya kukadiria ukubwa wa chombo. Kule Uingereza kanuni ya tani ya Thames ya 1855 ilichukua urefu, ikatoa upana, ikazidisha kwa upana, ikazidisha tena kwa nusu ya upana, kisha ikagawa kwa 94. Upana umo mara tatu. Kina na tanga havimo kabisa. Kanuni iliyofuata nayo iliuadhibu upana. Basi wabunifu wakachora vyombo vyembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ukingo, vyenye kina kirefu, risasi nyingi chini na matanga makubwa juu. Yoti moja ya aina hiyo, Oona, ilikuwa na urefu wa futi 34 kwenye maji na upana wa futi 5 na inchi 6 tu. Ilipotea 1886 pamoja na watu wake, mbunifu akiwamo. Mwaka huohuo ikaja kanuni aliyoipendekeza Kemp mwenyewe, ya urefu wa kwenye maji na eneo la tanga. Upana ukarudi, lakini omo (mbele ya chombo) na tezi (nyuma yake) zikaanza kurefuka nje ya maji, maana huko hazikupimwa. Kwa hiyo kabla ya kuupenda mchoro, uliza ulichorwa kwa kanuni ipi. Anayetaka chombo cha kutembelea tu atafute mashua za kazi, za wavuvi na marubani wa bandari. American Small Sailing Craft cha Chapelle (1951) kimejaa hizo.

Kusoma jedwali la vipimo

Usipime kwa rula juu ya ukurasa. Mchoro umepunguzwa wakati wa kuchapwa, na karatasi hunywea na kutanuka. Vipimo vya kweli vimo kwenye jedwali: kila safu ni mkato mmoja wa chombo kwa upana, kwa kawaida kuanzia 0 omoni hadi 10 tezini, na kila namba ni nusu ya upana au kimo kutoka mstari wa msingi.

Namba huandikwa 2-3-5, maana yake futi 2, inchi 3 na sehemu 5 za nane za inchi. Futi ni milimita 304.8, inchi ni 25.4, sehemu ya nane ni 3.175. Kwa hiyo 2-3-5 ni 609.6 + 76.2 + 15.9, sawa na milimita 701.7. Alama ya + baada ya namba kwa kawaida huongeza sehemu moja ya kumi na sita, yaani milimita 1.6. Kosa linalowapata wengi ni kuandika 2-3-5 kama futi 2.35 kwenye kikokotoo: utapata 716, na hapo ubavuni patakuwa na nundu ya sentimita moja na nusu ambayo hutajua imetoka wapi. Geuza jedwali lote kuwa milimita kwanza, kisha mtu mwingine arudie hesabu bila kutazama majibu yako.

Kuchora kwa ukubwa kamili

Mafundi wa Nungwi na Lamu huweka mkuku (uti wa chini wa chombo) na kuinua mbao kwa jicho, bila karatasi. Anayejenga kutoka kitabuni hana jicho hilo bado. Lake ni ufito, yaani mti mwembamba unaopindika.

Kwa chombo cha mita 7.5, unganisha plaiwudi 4 za milimita 12 kwa urefu, upate mita 9.76, na uzipake rangi nyeupe isiyong'aa. Mstari wa msingi usiuchore kwa ukingo wa plaiwudi. Vuta uzi wa kuvulia samaki kutoka mwisho hadi mwisho, weka alama kila nusu mita chini yake, ndipo uunganishe alama hizo. Mistari ya mikato isimamishwe kwa pembetatu ya 3, 4 na 5, kisha upime mshazari wa mstatili mzima pande zote mbili. Ukitofautiana zaidi ya milimita 2, futa uanze upya. Inauma, lakini kosa la hapa litaingia kwenye kila kipimo kinachofuata.

Ufito wa mistari mirefu uwe wa milimita 20 kwa 25, mti usio na fundo, urefu upite chombo kwa nusu mita kila upande. Ufito wa mikato uwe mwembamba, kama milimita 8. Misumari ikae pande mbili za ufito, isipite ndani yake, kwa sababu ufito uliotobolewa hukunjika kwenye tundu.

Anza na mstari wa ukingo wa juu, kisha wasifu wa mkuku na omo, kisha mstari wa maji, kisha mikato mitatu ya katikati, halafu mishazari, yaani mistari ya chombo kilichokatwa kwa urefu kimshazari. Mishazari ndiyo ya kuaminiwa zaidi, kwa kuwa hukata ubavu karibu na pembe mraba. Pale mistari miwili inapokutana kwa pembe kali, nukta yao inaweza kuteleza sentimita nzima bila wewe kugundua. Lala sakafuni, jicho liwe usawa wa ufito, na utazame urefu wote. Ukiona nundu, ng'oa msumari mmoja uache ufito uende unakotaka. Ukikataa kwa milimita 3, jedwali limekosea; ukikataa kwa 15, umekosea wewe. Kila nukta unayoihamisha kwenye sura moja (ya ubavuni, ya juu au ya mikato) ihamishe pia kwenye sura nyingine mbili, hapo hapo, kabla ya chai.

Vipimo vingi vya vitabuni ni vya nje ya mbao. Kabla ya kukata kalibu (fremu za kushikia umbo wakati wa kujenga), toa unene wa ubao. Katikati ya chombo ubao wa milimita 22 unatolewa 22. Karibu na omo, ambako ubavu unakwenda kwa digrii 30 kuelekea mstari wa kati, unene huo ukipimwa kwenye mkato ni kama 25.4. Anayetoa 22 kila mahali hupata omo nene kuliko mchoro.

Uzito kwa kanuni ya Simpson

Chora mikato kwa kipimo cha 1:10 kwenye karatasi ya miraba na uhesabu miraba ya sentimita iliyo chini ya mstari wa maji. Kila mmoja ni mita za mraba 0.01 (kuzidisha ni kwa 100, si kwa 10). Kumbuka kuzidisha kwa 2, maana umechora nusu ya chombo.

Tuseme urefu wa kwenye maji ni mita 6, nafasi kati ya mikato ni 0.6, na maeneo ya mikato kwa mita za mraba ni 0, 0.06, 0.20, 0.36, 0.49, 0.55, 0.53, 0.43, 0.27, 0.11, 0. Kanuni ya Simpson ni njia ya kupata ujazo kutokana na maeneo hayo: zidisha kwa mpangilio na 1, 4, 2, 4, 2, 4, 2, 4, 2, 4, 1. Jumla ni 9.02. Zidisha kwa 0.6, gawa kwa 3: mita za ujazo 1.80. Kwa maji ya bahari ya kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, chombo kizima na watu wake kiwe na kilo 1,849. Ziwa Victoria, kwenye maji yasiyo na chumvi, kitazama milimita chache zaidi.

Kisha pima mbao zako. Majedwali ya unene ya Wamarekani yanafikiria mierezi myepesi, takriban kilo 350 kwa mita ya ujazo. Mvule una kama 640. Ngozi ya mbao yenye ujazo wa mita 0.25 inaongezeka kilo 70 hivi, nyingi zikiwa juu ya maji. Usizikate kwenye farumi (uzito wa chini wa kusimamisha chombo) ili jumla ilingane. Ukifanya hivyo, chombo kitaelea pale pale palipochorwa lakini kitalala kwa upepo mdogo. Punguza unene wa ubao, au tafuta mti mwepesi wa sitaha.